Maji Yanayorudi

Jumamosi saa tisa mchana baba aliwasha pampu, maji yakaanza kuzunguka kwenye mapaipu tuliyopandia mboga za sukuma bila udongo. Tulipotoka kanisani Jumapili, miche ilikuwa imelala. Susu, mama yake baba, ndiye aliyezima pampu.

"Maji yanamwagika na nyinyi mnaenda kuimba!"

"Mama, hayamwagiki. Yanarudi kwa tangi. Ukizima tena, miche itakufa."

"Hata mtoto wangu niliambiwa atarudi."

Baba aliwasha tena. Dada yake, akiwa rika langu, alienda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto uliokauka kiangazi, shimo likamfunika, asirudi tena. Jioni nzima pampu ilisikika kama mtu anachimba.

Asubuhi niliushika mkono wa Susu, nikautumbukiza kwenye tangi, tukangoja pamoja maji yarudi.