Mji Uliowafaulisha Walimu

Bibi yangu alipewa cheti cha kusoma na kuandika akiwa hajui kusoma, na mji mzima ulishangilia.

Nililikumbuka hilo mwezi uliopita, nilipopita milimani kwetu Usambara na kukuta kengele ya chuo haipo tena. Kama nawe ulikulia penye chuo cha ualimu, utanielewa. Kile kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mkaratusi ndicho kilichotuamsha, ndicho kilichowaambia akina mama sokoni wainjike makande ya wanachuo. Wanachuo walipofunga chuo na kuteremka na basi, peasi zilioza kwenye matenga, na hata ukungu ulionekana mzito zaidi.

Siku zile za Ujamaa kila mtu mzima alitakiwa ajue kusoma. Wanachuo walijifunzia ualimu kwetu: darasa la kisomo, jioni, kwenye ukumbi wa kanisa, mkufunzi akiwa amekaa nyuma na karatasi ya alama. Mji ulikuwa na desturi moja, kwamba mwanachuo haangushwi. Wiki moja kabla ya mkufunzi kuja, darasa zima lilikariri ukurasa wa siku hiyo.

"Binti wa watu katoka Songea peke yake," bibi alisema juu ya mwanachuo wao, "tumwaibishe?"

"Wewe kariri tu," jirani yetu akamtania. "Barua zako si nipo mimi?"

Hapo ndipo palipomuuma. Mjomba alifanya kazi mashambani huko chini Muheza, na barua zake alizisoma jirani huyo. Makande hayajaiva, soko zima limeshazijua. Bibi alikwenda kisomo kwa ajili hiyo tu. Mimi nilikuwa darasa la pili, na nilipotaka kumsomea nikaambiwa mambo ya wakubwa hayanihusu.

Siku ya mkufunzi bibi alisimama na kitabu, akatiririka bila kukosea. Mwanachuo akafaulu. Bibi naye akaandikwa amefaulu. Muhula uliofuata alirudi na daftari lake, mwanachuo mpya akaangalia orodha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe umeshamaliza, bibi. Nafasi ni za wasiojua."

Angesema kweli, angemharibia yule binti wa Songea. Akageuka, akarudi nyumbani.

Tangu hapo hakumpelekea jirani barua hata moja. Nilimwona jikoni akizitazama kwa muda mrefu, kisha akizikunja.

Mjomba alipopanda kuja Krismasi, alimuuliza mbele yetu, "Mama, ulisoma nilichokuomba?"

"Nilisoma."

"Na jibu?"

"Nimekataa."

Mjomba akainamisha kichwa. Baadaye alituambia alikuwa amemwomba ahamie kwake, kijiji cha ujamaa huko tambarare, amtunze. Sisi wajukuu tulipoondoka, bibi alibaki peke yake hadi alipozikwa.

Wa kuulizwa hawapo tena. Mjomba ni mzee sasa, na kila tukikutana huniuliza kama mama yake alijua anakataa nini. Sijui.