Mtoro Ambaye Hajawahi Kuingia Darasani

Mwalimu mkuu aliniambia mpwa wangu ni mtoro sugu.

Mpwa wangu alikuwa amesimama pembeni yangu, amenishika suruali. Hajawahi kukanyaga shule yoyote.

Naitwa Odero, fundi wa mashine za mitumbwi, naishi Kiseke. Dada yangu Roza alifariki Desemba kule Rorya. Mambo ya msiba yakachukua muda, binti yake Ajwang nikaja kukabidhiwa katikati ya Februari. Ana miaka sita, anatakiwa darasa la kwanza.

Shule zilikuwa zimefunguliwa zaidi ya mwezi.

Ofisini tulimkuta mwalimu mkuu, mama mtu mzima, na benchi zima la wachelewaji wenzangu. Nikampa shikamoo. Akanieleza bila haraka kwamba uandikishaji ulianza Oktoba, madarasa yamejaa, na waliochelewa wana daftari lao. Mwanafunzi akihama, au jina likifutwa, anaingizwa anayefuata. Wanaobaki, orodha inakwenda kwa afisa elimu kata awatafutie shule nyingine yenye nafasi. Inaweza kuwa mbali.

Sisi tungekuwa wa thelathini na tisa.

Nikajifanya mjanja. Nikasogeza elfu kumi chini ya cheti cha kuzaliwa, nikasema ni ya soda.

"Soda daktari amenikataza," akasema, akairudisha bila kuniangalia.

Akina mama kwenye benchi wakatazama dari.

Akaanza kuandika jina kwenye daftari. Kalamu ikasimama katikati. Alisema hilo jina analisikia likiitwa kila asubuhi. Akafungua rejista, na hapo ndipo aliponiambia habari ya utoro.

"Yupo mkondo B. Hajafika hata siku moja. Ijumaa hii nilikuwa nimfute."

Nikamwambia haiwezekani. Akatoa fomu.

Mwandiko wa Roza niliujua palepale. Tarehe ilikuwa ya Oktoba, wiki ile aliyokuja kwangu kwa ajili ya hospitali. Siku moja aliaga anakwenda stendi ya Buzuruga kuulizia basi, akarudi jioni amechoka sana. Nilimgombeza kwamba mgonjwa hazururi. Akacheka, akaomba maji.

Kwenye nafasi ya mzazi au mlezi aliandika jina langu na namba yangu. La kwake hakuliweka.

"Tulikupigia mara nne," mwalimu akasema.

Ni kweli. Niliona namba ngeni, nikajua ni matapeli. Nikaifungia.

Mama mmoja, wa kwanza kwenye daftari, akauliza kama ile nafasi ya Ijumaa bado ipo. Mwalimu akamjibu kwamba mwenyewe amefika. Yule mama akasema sawa, akarudi kukaa. Sikuweza kumtazama.

Ajwang akapelekwa darasani. Hakugeuka nyuma. Mimi nikaenda nyuma ya choo cha walimu, nikalia kistaarabu, nikanawa uso bombani, nikarudi kusaini.

Jamani, uandikishaji ukitangazwa Oktoba, nenda Oktoba. Dada yangu alikwenda, na nadhani alishajua hataiona Januari. Mimi mzima wa afya nilikwenda Februari.

Na namba usiyoijua ikipiga, pokea. Akiwa tapeli, utakata.