Nilikula Karanga za Mama Kabula

Bwana Mhariri, jina langu ukilijua wewe inatosha, na kijiji pia nakuomba usikitaje. Nina miaka ishirini na miwili. Ni karani katika boma moja la upande wa Shinyanga. Sijaoa, na kwetu ni mbali, katika nchi ya migomba. Baba yangu ni kipofu, na wadogo zangu wawili wanasoma kwa sababu ya kazi yangu hii. Natanguliza hayo ili wasomaji wa ukurasa huu wajue ninachokiogopa.

Kiangazi kilichopita, baada ya mvua kukosekana, Bwana Shauri, mkubwa wetu pale bomani, alinituma nizunguke vijijini kwa baiskeli nikague vihenge vya nafaka. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Unapanda, unafunua kifuniko, unatazama ndani, unaandika. Kijiji kisicho na kitu kingeletewa mahindi ya serikali.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza, nami napenda kula. Kagongwa nilionja ugali wa uwele kwa maziwa ya mgando, na Nyahanga nikapewa mlenda uliopikwa kwa samli, mpaka nikaanza kuviandika vyakula hivyo nyuma ya daftari la kazi. Lakini huko kote nilipanda vihenge. Naapa nilipanda.

Wakati wa kurudi nilifika mchana katika kijiji kimoja, kabla ya Didia, nikiwa nimechoka. Mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji, alinipeleka kwa mjane mmoja anayesifiwa kwa mapishi, Mama Kabula. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa furaha. Akaangua darini kibuyu kilichozibwa kwa mavi ya ng'ombe, akakivunja kizibo kwa jiwe, akamimina karanga. Nilidhani ni heshima tu ya mgeni. Alizitwanga, akapika nazo michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Bwana Mhariri, sijawahi kula kitu kama kile. Binti yake Kabula, mtoto wa miaka kama saba, alikaa mlangoni akinitazama.

“Mbona mtoto hali?” niliuliza.

“Ameshakula, mwanangu. Kula wewe.”

Nilikula, nikaongezewa. Mama akanitandikia ngozi ya ng'ombe kivulini nikalala. Nilipoamka jua lilikuwa limeshuka na vihenge vyote vilikuwa vikiningoja. Mwanangwa akanishikia baiskeli. “Umeshiba, karani? Basi utukumbuke huko bomani.”

Niliwakumbuka. Sikupanda kihenge hata kimoja. Niliandika: chakula kipo cha kutosha. Nilisema moyoni kwamba watu wanaopika hivi hawawezi kuwa na njaa. Kazini nilizisimulia zile karanga mpaka makarani wenzangu wakaniita Bwana Michembe.

Mvua za kwanza zilipoanguka nilitumwa tena njia ile kwa kazi nyingine. Nilimchukulia Mama Kabula kanga, na kusema kweli nilikuwa nafuata chakula. Shamba lake lilikuwa jeupe, halina hata jembe moja lililopita.

“Shikamoo, mama.”

Hakuitikia. “Umekuja kula,” alisema. “Kaa.”

Majirani wawili, wanawake, walikuja wakasimama mlangoni. Mama akaniwekea bakuli lililofunikwa. Ndani mlikuwa na vipande vyeusi vinavyonata.

“Ni nini hiki, mama?”

“Ngozi uliyolalia. Nimeichoma manyoya nikaichemsha. Kula, karani, ukishiba ukaandike.”

“Mtilie chumvi,” jirani mmoja alisema. “Huyu kazoea vitamu.”

“Na umtandikie alale,” akasema mwingine. “Lakini wapi sasa? Kitanda chake kimo bakulini.”

Nilitafuna kipande kimoja kwa kuwaogopa. Halafu nikauliza, na ningekuwa na akili nisingeuliza, Kabula yuko wapi.

“Ameshakula,” alisema mama, kwa sauti ileile ya siku ile. Jirani akanionyesha kwa kidevu kaburi dogo nyuma ya nyumba.

Ndipo nikaambiwa. Kibuyu kilichozibwa namna ile huwa na mbegu, hakifunguliwi mpaka mvua, hata watoto wakilia. Mwanangwa ndiye aliyemwamuru akifungue, akisema karani akishiba atawahurumia. Nilimfuata mwanangwa kwake. Akanitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyeiba. “Aliyeandika ni wewe. Mimi hata kalamu sijui kuishika.”

Magari ya mahindi hupita katika kijiji kile yakienda Kagongwa na Nyahanga, wala hayasimami, kwa sababu ya karatasi yangu. Wanawake husimama kando ya njia na vikapu mpaka vumbi litulie.

Juma lililopita Bwana Shauri aliniita ninakili upya orodha ya mgao wa mahindi itakayotumika mpaka mavuno. Aliweka kidole juu ya jina la kijiji kile. “Hapa una hakika?”

Huo ndio mlango Mungu alionifungulia. Nikajibu, “Nina hakika, Bwana. Nilikula huko mimi mwenyewe.”

Nikisema kweli sasa, Bwana Shauri atajua kwamba nimemdanganya mara mbili. Nitafukuzwa, huenda nikafungwa, na baba yangu ataongozwa na nani? Nikinyamaza, orodha itapelekwa mwisho wa mwezi huu, na mlango wa Mama Kabula si wa mwisho katika kijiji kile. Wako watoto wengine wanaokaa mlangoni.

Wasomaji wenzangu, nishaurini, nifanye nini? Msinijibu kwa kuniuliza kama chakula kinanipita kooni. Kinapita. Jana mama mwenye nyumba alipika michembe kwa karanga, nami nilimaliza sahani.