Chumba cha Watu Wawili

Kama umekuja kunicheka, vuta kiti kwanza ukae vizuri. Wengi wamekuja hapa kwangu Ikutha na kicheko mdomoni, wakaondoka wakijifuta macho. Usiseme ni pombe, pombe niliacha zamani. Usiseme ni uzee, mbuzi wangu nawajua mmoja mmoja hata gizani. Na Mama Ndunge yuko hai, nyumba yake ni ile ya mabati mekundu pale chini, ukitoka hapa pitia umuulize. Haya yalinipata mimi, kwa mwili huu huu, kule Roma, katika hoteli ya bei rahisi nyuma ya stesheni ya treni.

Sasa utauliza, muuza mbuzi wa Ikutha alienda Roma kutafuta nini? Kuhiji. Parokia yetu ilipanga safari ya waumini, na mimi na mke wangu Kavinya tulikuwa wa kwanza kuandikisha majina. Yeye ndiye aliyeitaka. Mimi nilitaka tu anyamaze. Miaka miwili mizima ilikuwa Roma, Roma, hata akikamua mbuzi. Alijifumia sweta ya kijani ya kuvaa kwenye baridi ya wazungu, akaijaribu hapa uani jua likiwaka mpaka jasho likamtoka, akacheka na lile pengo lake la meno ya mbele.

Kavinya alifariki miezi mitatu kabla ya safari.

Wacha nikwambie sehemu hii haraka, kwa sababu ndiyo inayoniuma. Alilazwa hospitalini Kitui mjini. Nilidhani ni malaria tu, atapewa dawa arudi. Jumatano akanipigia simu, sauti imekuwa ndogo. "Baba Mutua," akasema, "njoo nikuone." Nikamwambia kesho ni mnada, mbuzi wako tayari, nitakuja Ijumaa. Akasema, "Haya, uza mbuzi." Hakukasirika. Angekasirika ningeenda, haki ya Mungu ningeenda. Ijumaa asubuhi nilikuwa nimeshaoga, nimeshavaa shati, natafuta kofia, ndipo kijana wetu Mutua akanipigia akilia.

Siku ya mazishi jeneza liliwekwa hapo nje chini ya hema, likafunguliwa, watu wakapanga laini wamtazame mara ya mwisho. Unajua mambo yetu. Mume ndiye anayeanza. Nikaitwa kwa kipaza sauti, sikusimama. Nikaitwa tena. Mwikali, dada yake Kavinya, akaniinamia sikioni: "Shemeji, nenda umtazame. Usipomuaga leo, kesho utamtafuta." Nikatoa maneno mazuri, maneno ya watu waliosoma. Nikasema nataka kumkumbuka akiwa mzima. Wamama wakatikisa vichwa, wakasema ona mapenzi.

Mapenzi gani? Niliogopa uso wake. Aliniomba niende anione, nikachagua mbuzi. Sasa ningemtazama na macho gani? Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nimeshika magoti, mpaka nikasikia kifuniko kinafungwa.

Padre wetu akaniambia nafasi ya Kavinya tumpe mtu mwingine. Nilimkatalia kwa ukali mpaka leo naona aibu. Nikasema jina lake lisifutwe, liende hivyo hivyo kwenye orodha ya hoteli, kama heshima. Padre ni mtu wa huruma, akaniacha.

Tulifika Roma mwezi wa kumi na moja, mwezi wa kuwaombea marehemu. Baridi usiniulize. Hoteli ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo kuukuu, ngazi zake za mawe zimelika katikati kwa kukanyagwa. Lifti ilikuwa ndogo kama kabati, na ukutani wamechora vichwa viwili, yaani mwisho watu wawili. Nikaingia na Mama Ndunge, jirani yangu wa hapa, mwanamke mwenye mwili wake. Lifti ikalia pii, pii, ikakataa kupanda.

"Mama Ndunge, toka. Chapati zimezidi," nikamwambia.

"Zimezidi kwako! Mimi nimekula nini tangu jana?" Akatoka akinitukana kwa Kikamba, na lifti ikapanda na mimi vizuri tu. Nilicheka mpaka juu. Sasa nikikumbuka sicheki.

Mapokezini alikuwepo mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kwa uzi. Akasoma orodha, akanitazama, halafu akatazama karibu na bega langu la kushoto, akatabasamu. Akaweka funguo mbili juu ya meza. Moja yako, akasema, na moja ya bibi. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu pia, kwa hivyo tukaelewana. Nikajua ni ile orodha. Ningemwelezea vipi, na pale nyuma watu wamejaa na masanduku? Nikachukua funguo zote mbili.

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja kipana na dirisha linalotazama ukuta. Nililala upande wa mlango, kama nilivyolala miaka yote ya ndoa yangu. Asubuhi nikaacha shuka limejikunja nikashuka kula. Huko kwao saa moja asubuhi bado ni giza giza, kuku wetu wangechanganyikiwa. Kahawa waliniletea kwenye kikombe cha kuchezea watoto, na mbele ya kiti cha pili wakaweka kingine. Nikaonyesha kidole kimoja: mmoja tu. Yule mwanamke wa mapokezi, maana ndiye aliyekuwa akihudumu pia, akacheka akaonyesha mlango. Bibi anakuja. Nikanywa yangu, nikaacha ya pili ipoe.

Kurudi chumbani nikakuta kitanda kimetandikwa. Sawa, si ni hoteli? Lakini pembe za shuka zilikuwa zimekunjwa zikaingizwa chini kwa namna ya Kavinya, namna aliyofundishwa na masista akiwa msichana, ambayo nilishindwa kujifunza mpaka akachoka kunifundisha. Nikajiambia basi, masista wako kila mahali.

Siku ya pili jioni nikakutana kwenye korido na mama wa usafi, mfupi, mchangamfu, na yeye si wa huko, ametoka mbali kama mimi. Akanisimamisha, analalamika huku anacheka, mikono inasema kuliko mdomo. Nikija kutandika, nakuta kimetandikwa! Mke wako ananifukuza hivi, shu, shu, kama kuku! Mwambie apumzike, huku ni hotelini!

"Mke gani?" nikauliza.

Akashangaa. Akajishika kifua akavuta kitambaa cha nguo, akatafuta kitu cha kunionyesha rangi, akaonyesha jani la mmea uliokuwa kwenye chungu. Sweta ya kijani. Halafu akafungua mdomo, akaweka kidole katikati ya meno yake ya mbele.

Ngai! Nikashika ukuta.

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi nilikimbia pia, lakini nilikimbilia chumbani. "Kavinya! Mama Mutua!" Nikafungua kabati. Nikafungua bafu. Nikapiga magoti, mzee mzima, nikachungulia chini ya kitanda. Hakuna mtu. Nikakaa upande wake wa kitanda, na niamini, pale pahali palikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Nililia hapo hapo.

Mimi ni mkristo. Hadithi za aimu, roho za waliotangulia, nilimwachia nyanya yangu aliyekuwa akiwamwagia uji kidogo chini kabla ya kula. Lakini sikumwogopa Kavinya hata kidogo. Niliogopa kurudi nyumbani kabla sijamwona. Tulikuwa tumebakisha siku mbili, na nilitaka kitu kimoja tu, niuone uso wake niombe msamaha.

Basi nikaanza kumtafuta. Wenzangu walienda Basilika, mimi nikabaki hotelini nimesema tumbo linauma. Nikashuka mapokezi: bibi yuko wapi? Amepanda sasa hivi. Nikapanda: mama wa usafi ananyooshea kidole ngazi, ameteremka. Nikateremka. Mzee mmoja mgeni, sijui wa nchi gani, akanipisha mlangoni, halafu akaendelea kuushikilia mlango kwa ajili ya mtu anayenifuata, akainamisha kichwa kwa adabu. Nikageuka upesi shingo ikalia. Hewa tupu. Siku nzima nilipanda na kuteremka zile ngazi. Kila mtu katika hoteli ile alimwona mke wangu, watu wasiomjua, watu ambao hawakumlilia hata chozi. Mimi niliyezaa naye sikuona kitu.

Asubuhi ya mwisho tulikuwa tunakula, basi la uwanja wa ndege linangoja. Mama Ndunge alichelewa, akaingia na sanduku lake, akanitazama, sanduku likamponyoka.

"Wuui! Wuui, mwaitu, mama yangu!" Alivyopiga kelele, chumba chote kiligeuka. "Baba Mutua! Mama Mutua yuko nyuma yako!"

Niliruka nikageuka. Viti. Meza. Dirisha.

"Wapi? Wapi, mama?"

"Sasa yuko mbele yako. Umegeuka na yeye amezunguka. Jamani, nyoosha mkono utamgusa!"

Nikanyoosha mikono yote miwili kama kipofu. Sikushika kitu. Ile hewa haikuwa hata na baridi.

"Mama Ndunge, niambie. Amekasirika?"

Mama Ndunge, na unajua mdomo wake, alikuwa analia kimya kimya, machozi yanateremka tu. "Hapana," akasema. "Anakufunga kifungo."

Nikatazama chini. Koti langu lina kifungo cha juu kigumu, vidole vyangu vimekakamaa kwa kamba za mbuzi, sijawahi kukifunga mwenyewe. Kavinya ndiye aliyenifunga kila Jumapili, akiniambia simama sawasawa. Nilishuka kula kikiwa wazi. Sasa kilikuwa kimefungwa.

"Kavinya, nisamehe," nikaambia ile hewa. "Nilikuwa nimeshaoga. Nilikuwa nimeshavaa shati nije." Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka. Miezi mitatu nilikuwa nimeyapanga mengine mazuri, yote yakapotea.

"Anaenda," akasema Mama Ndunge. "Yuko mlangoni. Amesimama." Yule mwanamke wa mapokezi, ambaye hakujua lolote, aliinua mkono akaupungia mlango, kama anavyoaga wageni wake wote.

Tukarudi. Mwaka umepita, mwingine unaelekea kuisha. Lile koti nalivaa kila Jumapili, lakini kifungo cha juu sijakifungua tangu siku ile. Nalivulia kichwani kama mtoto, na Mutua alinikuta siku moja nimekwama ndani, mikono juu, akadhani nimeshikwa na kiharusi. Alitaka kufungua nikamfokea vibaya. Baadaye nikamwomba msamaha.

Na kuna picha. Ile pale ukutani, juu ya redio. Siku tuliyofika Roma mpita njia mmoja alitupiga picha kwa simu ya Padre mbele ya mlango wa hoteli, kundi lote. Padre alipoisafisha akaniletea bahasha, akaondoka bila kunywa chai. Mimi naona Padre, naona Mama Ndunge, najiona mimi nimekunja uso. Karibu na bega langu la kushoto naona bomba la maji ya mvua. Wewe umeingia hapa ukaitazama ile picha ukasema, pole mzee, kumbe mama alifika Roma. Kila mgeni husema hivyo.

Mwikali alipokuja kuiona, alikaa nayo magotini muda mrefu. Nikamuuliza, amevaa nini? Sweta ya kijani. Anacheka? Anacheka. Anaitazama kamera?

"Hapana, shemeji," akasema. "Nyinyi wote mnatazama kamera. Yeye anakutazama wewe."

Nikatoka nje nikasimama pale hema lilipokuwa. Aliniomba niende anione, na amekuja mpaka Roma akaniona, akashiba kuniona. Mimi niliitwa mara mbili kwa kipaza sauti nikamwone nikakataa, na nilichokataa nimenyimwa. Hivyo tu. Silalamiki kwa mtu.

Kwa hivyo wewe, mwenye miguu yako mizima, nisikilize. Ukiitwa kwenye jeneza la mtu wako, simama uende, hata kama una deni la maneno naye, hata kama aibu inakula tumbo. Mtazame uso. Na akikupigia akiwa bado yuko hai, sauti imekuwa ndogo, akasema njoo nikuone, fungua zizi uwaache mbuzi walivyo, uende siku hiyo hiyo. Mnada uko kila wiki.