Pikipiki Chini ya Dirisha

Ahimidiwe Mungu, mwenye kutoa pumzi na kuitunza, aliyetuvusha miaka ile ambayo kupumua kwenyewe kulikuwa jambo la kuombewa. Ninayoyasimulia ni madogo, lakini niliyapokea kutoka mkononi mwake.

Mwaka wa pili wa korona, mimi na mke wangu tulikuwa ughaibuni, katika kitongoji cha Minto, nyumbani kwa binti yetu muuguzi. Ilipotangazwa kwamba watu wasitoke ila kwa jambo la lazima, ibada zilihamia kwenye simu, nami nikabaki na asubuhi ndefu. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kijapani. Mke wake, aliyepoteza kumbukumbu, alikuwa akitunzwa katika nyumba ya wazee mitaa mitatu kutoka kwetu, na wageni walikuwa wamezuiwa. Kila mzee alipompigia simu ya video, mama yule aliwauliza wahudumu, "Huyu mwanamume ni nani?"

Alinieleza hayo tukiwa tumetenganishwa na ua wa mbao, huku akiangalia pembeni. Kisha akaniambia kuhusu pikipiki aliyohama nayo kutoka kwao, iliyolala gereji kwake miaka tisa. Ndiyo aliyompakia mke wake tangu uchumba, kijijini kwao milimani, wakipita kati ya mashamba ya mpunga.

"Uso wangu ameusahau," akasema. "Labda mlio hajausahau."

Alitaka aiwashe chini ya dirisha la mke wake siku wageni watakaporuhusiwa. Tatizo ni kwamba mikono yake ilitetemeka, hakuweza kushika hata spana.

Nikamwambia nitaitengeneza mimi. Nilikuwa mwinjilisti katika milima ya Usambara, nikienda mtaa hadi mtaa kwa pikipiki ya kanisa, ya Kijapani vilevile. Mke wangu alicheka hadi akakaa.

"Baba, ile ya kanisa si uliisukuma kuliko ulivyoipanda?"

Basi jirani akaisukuma hadi mlangoni kwetu, akarudi kwake, ndipo nami nikatoka kuichukua. Kila asubuhi yeye aliketi kwenye kigoda upande wake wa ua, mimi nikapiga magoti upande wangu. Aliniagiza nitandaze kitambaa cheupe na kupanga kila kipande kwa mfuatano wa kukifungua. Kwetu tulitia kila kitu kwenye kopo moja, tukamwachia Bwana yaliyobaki.

Siku ya pili nilifika kwenye kabureta. Skrubu zake zina vichwa vyenye alama ya kujumlisha. Nikachukua bisibisi ya mkwe wangu, nikakandamiza kwa nguvu, nikazungusha. Bisibisi ikaruka, kichwa cha skrubu kikabaki duara.

"Nyie Wajapani mnatumia chuma laini," nikamlalamikia. "Hata ile ya kanisa ilikuwa hivihivi."

Akainuka kuchungulia. "Umeitafuna kama panya! Hiyo bisibisi ni ya wapi?"

Akaingia ndani, akarudi na bisibisi yenye mpini wa mti, akaiweka juu ya ua na kurudi nyuma ili niichukue. Niliijaribu kwenye skrubu ya pili. Ilikaa barabara bila kucheza, na skrubu ikalegea kwa mkono mwepesi. Alama zinafanana kwa macho, akanieleza, lakini za kwao zina umbo lake na bisibisi yake. Zaidi ya miaka ishirini niliharibu skrubu za kanisa, na kila mara niliwalaumu waliozitengeneza. Nikamwomba radhi kwa niaba ya dayosisi nzima. Akainama kwa heshima, akasema taifa lake limesamehe.

Ile niliyoitafuna alikataa niipige kwa patasi. "Tia mafuta. Iache inywe." Ilikunywa siku nne. Tukingojea, alinisimulia vyura waliolia kwenye maji ya mpunga, na Jumapili alizofuta vumbi kwenye kila spoku. Nami nilimweleza asubuhi za ukungu kwetu, nilivyokuwa nikiteremka injini ikinguruma taratibu, nikiimba tenzi peke yangu. Siku ya tano tangu niitie mafuta, skrubu ilitoka. Nikasafisha kabureta, nikabadili plagi na mafuta, na kwenye kiki ya kumi na moja ikawaka. Jirani alivua kofia.

Masharti yalipolegezwa, tuliisukuma pamoja, tumevaa barakoa, hadi chini ya lile dirisha. Mhudumu mmoja, dada wa Kikongo, alitufungulia pazia.

"Papa, dakika mbili tu! Bakubwa batanigombeza."

Nikapiga kiki. Mama alikuwa ameketi akitazama mapaja yake. Jirani alishika mkono wa usukani unaoongeza mafuta, na kwa kutetemeka kwake injini ikanguruma kwa nguvu mno. Mama akainua kichwa. Hakutabasamu, wala hakutaja jina. Alinyoosha mkono, akagonga kioo kwa kiganja, mara mbili, kwa uso wa kukemea.

Jirani akaachia mafuta upesi. Machozi yaliingia ndani ya barakoa yake.

"Kwenye kona za milimani," akaniambia, "alinigonga mgongoni hivyohivyo. Anasema nipunguze mwendo."

Akapunguza. Injini ikatulia, na mama akaacha kiganja chake pale kwenye kioo mpaka dakika zetu zilipokwisha.

Nawe unayesoma, Mungu akulindie unaowapenda, na pale kumbukumbu zao zinapochoka, akuachie njia moja ya kuwafikia. Amina.