Matanga ya Mmeksiko

Mume wangu alikuwa na kazi moja tu ya kueleweka hapa duniani, nayo ni kuchana tiketi mlangoni mwa ukumbi wa sinema, mjini Tabora, enzi za Mwingereza. Kazi si aibu. Aibu ni kwamba alichana tiketi miaka nenda miaka rudi akidhani yeye ndiye aliyemo kwenye picha.

Mwenye ukumbi alikuwa akiletewa picha kutoka nchi nyingi, na zilikuwemo za Meksiko: farasi, magitaa, makanisa, wanawake waliojitanda ushungi wakilia kama sisi wa misheni siku ya Ijumaa Kuu. Humo alikuwamo mwigizaji mmoja mwenye masharubu membamba, ambaye aliinua unyusi mmoja kila alipotaka aonekane ana mawazo. Mume wangu akampenda kuliko alivyonipenda mimi. Akafuga masharubu, yakamwota upande mmoja yakamsahau upande wa pili. Akamwendea msuka mikeka wa Isevya, akasukiwa kofia ya ukindu pana kama ungo, akawa anaivaa hata akienda chooni. Unyusi aliufanyia mazoezi mbele ya kioo changu mpaka ukakataa kushuka.

Maisha ya mtu yule niliyajua kuliko ya babu yangu. Nilisimuliwa nikitwanga, nikipalilia, nikinyonyesha. Baba yake alishona matandiko ya farasi. Yeye mwenyewe aliuza peremende barabarani, akaimba vilabuni, na katika picha yake ya kwanza hakusema neno, alimshikia tu bwana mwingine farasi. Halafu akawa nyota, akaoa, akaacha, akaoa tena. Kipi kilikuwa kweli sijui. Karani wa ukumbi alisoma magazeti ya kizungu nusunusu, na nusu iliyobaki mume wangu aliijaza mwenyewe.

"Unaona, Mama Watoto?" alikuwa akiniambia. "Mwenzangu alianza kwa kushika farasi. Mimi nimeanza kwa kushika mlango."

Nikamjibu kwamba farasi angalau huondoka pale aliposimama.

Mwaka mmoja mvua zilichelewa. Nilikuwa nimeweka karanga za mbegu kwenye kilindo, lile kopo letu la gome la mti, nikakipandisha darini jikoni. Mavuno yaliyopita yalikuwa mabaya. Mbegu nyingine hatukuwa nazo, na nilikuwa na watoto watatu wa kulisha. Kila asubuhi nilitoka uani kwetu Cheyo nikatazama mawingu, nikarudi ndani nikatazama kilindo.

Basi mchana mmoja mume wangu akaja analia kwa sauti kubwa. Nikajua mama mkwe amefariki. Kumbe ni mwigizaji! Karani kakuta habari kwenye gazeti kuukuu lililofungiwa sabuni dukani. Nikauliza amekufa lini. Akasema kabla ya Kwaresima. Sisi tulikuwa tunaelekea Noeli! Mtu amekwisha kuwa udongo, mume wangu ndiyo kwanza anatandika mikeka ya matanga.

Watu wakajaa. Kwetu ukisikia kilio unakwenda kwanza, kuuliza ni baadaye. Wazee wakamuuliza marehemu ni nani wake, akasema, "Ndugu yangu, amefia mbali," na unyusi ukapanda. Hakuna aliyeshangaa. Mji huu una ndugu wa mbali chungu nzima, tangu misafara ya pembe iwalete wengine wakasahau kurudi.

Jua lilipofika utosini akaniita mbele ya wanaume. "Wageni wana njaa. Chemsha karanga."

"Zipi, Baba Watoto?"

"Si zile za kwenye kilindo?"

Mwanamke anayekataa kupika msibani hasahauliki. Nikapanda juu ya kinu, nikateremsha kilindo.

Hapo ndipo alipoingia jirani yangu Mzaramo, mke wa mtu wa reli. Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi, tangu babu zetu walipopita kwao na mizigo wakienda pwani. Mtani akija msibani ana ruhusa yake. Atamwigiza marehemu, atanyakua chochote anachokiona, na hakuna kukasirika, mnakikomboa tu. Yeye akaninyang'anya kilindo, akaenda kukikalia katikati ya wanaume, akajiwekea ungo wangu kichwani, akainua unyusi.

"Mimi ndiye marehemu!" akapiga kelele. "Nimetoka Meksiko kwa miguu, nafika hapa nakuta ndugu yangu ananipikia mbegu!"

Wazee walicheka mpaka wakajifuta machozi. Mume wangu naye ikambidi acheke.

Mzaramo akamwambia, "Haya mtani, komboa. Lete kofia yako, nikupe mbegu zako."

Watu wote wakamgeukia. Akaishika kofia kwa mikono miwili. Nilimwona anafikiri, anafikiri kwelikweli, na mara hiyo unyusi haukupanda.

"Kofia hii ni ya msiba," akasema. "Mbegu ni mambo ya wanawake."

Niliingia ndani, nikatoa doti ya kanga aliyonifunga mama yangu siku ya harusi, nikampa mtani. Aliipokea bila mzaha, akainuka. Wageni waliondoka na njaa yao, nami nikaitwa mchoyo mpaka Kitete. Mvua iliponyesha nilipanda. Karanga zilipokomaa, mume wangu alizila akizisifu.

Alikufa kwa homa ya mapafu, Waingereza bado wapo. Watani wakaja. Yule Mzaramo alikuja amejifunga doti yangu, imepauka. Akaitungua kofia msumarini, akaivaa, akainua unyusi, na uani pote watu wakaangua kicheko. Nilingoja aige na kitu kingine cha marehemu, mwendo wake, au kikohozi chake. Hakuna alichopata.

Kisha akanijia pale nilipoketi na kaniki yangu, kofia mkononi, kama desturi inavyotaka.

"Mjane, komboa kofia ya mumeo."

Wanawake wakanitazama. Nilikuwa na kuku sita uani, na kanga mpya ndani.

"Kaa nayo," nikamwambia. "Itakufaa kupepetea karanga."