Mzee wa Tanuru na Sanduku la Juu

Nilikuwa fundi wa vipimo katika kiwanda cha kuyeyusha shaba, Lubumbashi, enzi zile za Mobutu tulipolazimika kuitana sitwayeni, yaani raia, badala ya bwana. Siku moja injinia alinipa daftari, akanituma kwa mzee wa tanuru aliyekaribia kustaafu. Niandike jinsi anavyoamua, alisema, ili tuifundishe mashine.

Mzee huyo, mkazi wa mtaa wa Kamalondo, hakuamua kwa namba. Aliutazama moto, akanusa moshi, akaamua. Nilipomuuliza joto ni kiasi gani, alitabasamu.

"Mutoto yangu, andika hivi: kama moto iko mweupe kidogo, na moshi iko muzito kiasi, punguza hewa kidogo. Kisha ungoje."

Nikajaza daftari. Vidhibiti vya chini, vile vya zamani, viliendelea kuongoza hewa na mafuta, kila kimoja na vali yake. Juu yake tukaweka sanduku la umeme la kuviamuru, lenye kanuni za mzee kwa maneno yake: kidogo, kiasi, sana. Lilipima kila neno lina ukweli kiasi gani kwa moto wa wakati ule, likayachanganya, likatoa amri moja.

Mzee aliugua, akafariki kabla ya kustaafu. Tulimzika asubuhi. Mchana nikarudi zamu. Vipimo vyote vilionekana vizuri, mara mvumo wa hewa ukaanza kushuka. Msimamizi akaniuliza nimegusa nini. Sikuwa nimegusa kitu. Sanduku la juu lilikuwa likipunguza hewa kidogo, likingoja, likipunguza tena.

Msimamizi alikuwa amefanya kazi na marehemu miaka mingi. Alirudi nyuma hatua moja.

"Iko yeye," akasema kwa sauti ya chini.

Alitaka kurudisha hewa kwa mkono, nikamsihi aache kwanza, maana mzee hakupunguza hewa bila sababu. Punde mfanyakazi wa sakafu ya chini akapanda mbio kutuambia kwamba matofali ya ubavuni mwa tanuru yamekuwa mekundu na yana ufa. Tukazima moto, tukawaondoa watu; hewa ingerudishwa, ukuta ungepasuka na shaba ingewamwagikia.

Baadaye nilipekua daftari lote. Hapakuwa na kanuni ya jambo lile. Kulikuwa na kanuni nne, kila moja kweli kidogo tu, na kwa pamoja zilifanya uamuzi ambao mzee hakuwahi kunitajia. Niliielewa hesabu ya sanduku, lakini nikazisoma tena zote nne.

Jioni nilikwenda matangani. Mjane wake akaniuliza kama kazini kuko salama.

"Mama, leo mzee ametusaidia," nikamjibu.

Alinisogezea kiti, nikaketi.